Ni Rota, Lakini Rota Gani?

Wauguzi waliozeekea katika wodi za watoto watakuambia kwamba rota, kirusi kinachowaharisha watoto, wanaijua kwa pua. Kinyesi chake ni maji ya njano iliyopauka, hakina damu, na kina uchachu fulani ambao ukiunusa mara moja hausahauliki. Nilipoanza kazi ya maabara Butembo, mashariki mwa Kongo, nilidhani ni majigambo ya wakubwa. Baadaye nilikubali kwamba pua zao hazikuwa mbaya, ila zilikosea mara nyingi kuliko walivyopenda kukiri, maana mtoto mwenye virusi vingine vya tumbo naye hanyi marashi.

Kipimo cha haraka kilipotufikia kilimaliza ubishi. Unachanganya kinyesi kidogo na maji ya dawa, unadondosha matone kwenye kijikebe bapa cha plastiki, unasubiri. Mstari mmoja, hakuna kitu. Mistari miwili, rota ipo. Nilipenda kuwaonyesha akina mama mistari ile, kwa sababu ni nadra katika kazi yetu mgonjwa kuona kwa macho yake kile tulichokiona sisi. Siku moja, katika kituo cha afya upande wa Katwa, bibi mmoja aliyempakata mjukuu wake aliitazama mistari, kisha akanitazama mimi nikigawa kinyesi kilichobaki katika vichupa vya kugandisha, akasema: "Docta, jina yake mumeishaijua. Sasa munatafuta nini tena ndani ya mavi ya mutoto wangu?"

Mimi si daktari na bibi alilijua hilo. Kwetu kila mwenye koti jeupe ni docta. Nikamjibu: "Koko, tunatafuta kujua ni rota gani."

"Kumbe kuko zingine?"

Ziko. Na swali lake la kwanza lilikuwa zito kuliko jibu langu, kwa sababu tiba ya mjukuu wake isingebadilika hata chembe. Iwe rota hii au ile, mtoto anayehara anahitaji maji ya SRO, yaani ya chumvi na sukari, zinki, ziwa la mama, na akizidiwa, maji ya mshipani. Anayekuambia kwamba kupima aina ya kirusi kutamponya mtoto aliye kitandani anakudanganya. Faida ya kipimo hicho, kama ipo, itamfikia mtoto mwingine ambaye huenda hajazaliwa. Bibi yule alikuwa anatoa kitu kwa ajili ya watu asiowajua, na hakuna aliyekuwa amemwambia hivyo waziwazi.

Kirusi cha rota kilionekana kwa mara ya kwanza kwa watoto mwaka 1973 huko Melbourne, Australia, pale Ruth Bishop na wenzake walipoweka vipande vya utumbo wa watoto wenye kuhara chini ya hadubini ya elektroni. Urithi wake umeandikwa katika vipande kumi na kimoja vya RNA, kila kimoja kimejitenga na mwenzake. Viwili kati ya hivyo hutoa protini za ganda la nje, ambazo mwili wa mtoto hukutana nazo kwanza: VP7 na VP4. Aina ya VP7 huandikwa kwa herufi G na namba. Aina ya VP4 kwa herufi P na namba ndani ya mabano ya mraba. Ndiyo maana mtu wa labo huandika G1P[8] au G8P[6] na kudhani amekwisha kusema kila kitu.

Vipande hivyo nimeviona kwa macho. Aliyenifundisha, mzee wa kazi ambaye hakuwa na haraka na jambo lolote, aliniwekea sampuli kwenye jeli usiku, umeme ukapita ndani yake hadi asubuhi, kisha tukaiosha kwa dawa ya fedha. Unamimina kimiminika cha mwisho na kutikisa sinia taratibu. Kwa muda huoni kitu. Halafu mistari ya kahawia inaanza kujitokeza ndani ya jeli: minne juu, miwili chini yake, mitatu iliyobanana, na miwili ya mwisho. Jumla kumi na mmoja. Mzee akaweka sampuli ya mtoto mwingine pembeni, na hapo hata asiyesoma angeona tofauti: mstari ambao kwa mtoto wa kwanza ulishuka hadi chini kabisa, kwa wa pili ulikuwa umekwama juu zaidi. Watoto wawili wa wodi moja, wanaohara namna moja, wana virusi viwili tofauti. Kipimo hicho hakihitaji mashine ya mamilioni. Kinahitaji umeme usiokatika usiku kucha, na huko Butembo hilo lilikuwa ombi kubwa kuliko unavyodhani.

Kupata herufi na namba zenyewe ni hatua inayofuata. RNA inageuzwa kuwa DNA, kipande cha VP7 kinazidishwa chote, herufi 1,062 za kijenetiki, kisha kinazidishwa tena kwa mchanganyiko wa vianzishi vifupi, praima kama tunavyoviita, kila kimoja kimetengenezwa kunasa aina moja. Aina ya G1 inatoa kipande cha herufi 749, G8 cha 885, G9 cha 306. Unakipima kwa urefu wake kwenye jeli nyingine chini ya mwanga wa urujuanimno, na kutokana na urefu unaijua aina. Ni njia iliyobuniwa kuanzia mwaka 1990 na imetumika dunia nzima.

Tatizo lake nililielewa polepole. Praima zile zilitengenezwa kwa kufuata virusi vilivyokuwa vimekwisha kusomwa wakati huo, na vingi havikutoka kwetu. Kirusi kinachobadilika kidogo mahali ambapo praima inapaswa kushika hakishikiki, na matokeo yanarudi yakiwa na neno moja: hakitambuliki. Ni kama fundi cherehani mwenye vipimo vya nguo vya mji mwingine. Ukishindwa kuingia katika suruali zake anakuandika kwamba huna umbo. Nimeona ripoti za sampuli za Afrika zenye "hakitambuliki" nyingi kiasi cha kukatisha tamaa, na nimewasikia watu wakizisoma kana kwamba kasoro ilikuwa ya sampuli: zilioza, zilisafirishwa vibaya, waliozichukua hawakujua kazi. Wakati mwingine ni kweli. Lakini ukikisoma kipande chenyewe herufi kwa herufi badala ya kukipima kwa urefu tu, mara nyingi kile kisichotambulika hupata jina lake mara moja.

Kuchukua kinyesi cha mtoto anayehara maji ni kazi ambayo vitabu havikuelezi. Nepi ya kitambaa hunyonya kila kitu. Tulikuwa tukitandika kipande cha plastiki safi ndani ya nepi, mama anamlaza mtoto kwa ubavu, tunangoja. Hatukungoja sana. Unakwangua kwa kijiti, unajaza kichupa robo tu, unaandika namba na tarehe kwa kalamu isiyofutika, na unanawa mikono kwa sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu gramu moja ya kinyesi hicho ina virusi kwa mabilioni na vichache sana vinatosha kumwangusha mtoto mwingine. Wanafunzi waliokuja kwetu kujifunza niliwapa sharti moja. Mtoto ambaye ukiibana ngozi ya tumbo inarudi polepole, macho yamezama, analia bila machozi, huyo hakuletwa kwako atoe sampuli. Weka kichupa chini, tafuta kikombe na kijiko. Sampuli itapatikana baadaye. Kwa rota, kinyesi hakiadimiki.

Kati ya Beni, zilikotoka sampuli zetu nyingine, na Butembo ni kilomita hamsini na kitu. Kwa pikipiki, wakati njia ni nzuri na salama, ni safari ya kawaida ya mfanyabiashara. Lakini tangu Oktoba 2014, mauaji ya raia yalipoanza kuzunguka Beni, barabara ya eneo lile haipimwi kwa kilomita. Kisanduku chetu cha barafu kilingoja habari za njia kama abiria wengine. Barafu tuliinunua kwa wauza samaki, na wapo maafisa wa vizuizi waliotaka tufungue kisanduku waone tumeficha nini. Tulifungua. Hakuna aliyetaka kuona mara ya pili.

Kwenye friji ya kugandisha ndiko mambo yalikoharibika. Ilikuwa ya taasisi nisiyoitaja, na mafuta ya jenereta yaliisha mwishoni mwa juma bila mtu kuambiwa. Jumatatu tulikuta vichupa vinaelea ndani ya maji. Kirusi cha rota ni kigumu, hakina utando wa mafuta kama Ebola, kinakaa kwenye vidole na vyombo muda mrefu. Ila RNA inayogandishwa na kuyeyushwa, kugandishwa na kuyeyushwa, hukatika vipande. Sampuli nyingi za Beni zilipotea hivyo. Baada ya hapo tukahamia kwenye karatasi ya kuchujia: unadondosha tone la kinyesi kilichochanganywa na maji, unaliacha likauke kivulini, unalitia katika bahasha na kifuko cha kunyonya unyevu. Inasafiri ndani ya daftari. Vipande vya RNA hukaa humo bila barafu na bila jenereta. Ni teknolojia ya watu maskini, watu wengine husema kwa dharau, lakini mimi naiheshimu kuliko friji.

Sitaandika hapa asilimia za sampuli zetu. Zilikuwa chache mno, na sampuli chache zikipewa asilimia huanza kujifanya utafiti. Afadhali nitaje Kisangani, ambako kazi ilifanywa vizuri na ikachapishwa mwaka 2014 na watafiti wa huko pamoja na wenzao wa Leuven, Ubelgiji. Walichukua sampuli 99 zenye rota za watoto walioharisha kati ya 2007 na 2010, kabla ya chanjo kufika. Walipata michanganyiko minane ya G na P. G1P[8], ambayo ndiyo iliyozoeleka zaidi duniani, ilikuwa asilimia 28 tu. G8P[6], ambayo Ulaya ni nadra, ilikuwa asilimia 26. Kwa ujumla zaidi ya nusu ya virusi vyote vilikuwa na P[6].

Kisha wakachagua virusi vitano vya P[6] wakavisoma vyote, vipande kumi na kimoja. Hapo ndipo mambo yalipoiva. Katika vinne kati ya hivyo, kipande kimojawapo, kile cha protini ya NSP4, kilionekana kuwa na asili ya mnyama. Kirusi cha tano, G4P[6], vipande vyake vingi, kama si vyote, vilielekea kutoka kwa nguruwe. Mchanganyiko kama ule wa vile vinne unawezekana kwa sababu ya vile vipande kujitenga: virusi viwili vya rota vikiingia katika seli moja ya utumbo, watoto wao wanaweza kubeba vipande vya huyu na vya yule.

Niliposoma matokeo hayo nilifikiria nyumba za milimani kwetu Lubero, ambako nguruwe hulala upande wa pili wa ukuta wa udongo na simbilisi hukimbia jikoni chini ya miguu ya watoto wanaotambaa. Usinielewe vibaya. Kirusi cha Kisangani hakithibitishi lolote kuhusu nguruwe wa Butembo, na kubadilishana vipande huko huenda kulitokea miaka mingi nyuma, mbali kabisa. Lakini mtu aliyepima G na P peke yake, akaandika "G4P[6]" na kufunga daftari, asingejua kamwe kwamba sehemu kubwa ya kirusi kile ilikuwa ya mnyama. Herufi mbili zinaonyesha ganda tu. Tangu hapo nimekuwa mtu wa kuuliza, kila ninapoletewa jedwali la aina za rota: na vile vipande tisa vingine?

P[6] ina kisa chake, na ndicho kilichonifanya niamini kwamba kazi hii si anasa. Ili rota iingie katika utumbo inashika sukari fulani zilizo juu ya seli, na sukari hizo watu hawarithi sawa. Zinafuata makundi ya damu ya aina inayoitwa Lewis. Virusi vya P[8] huwapendelea watoto wenye sukari hizo. Wale wasio na Lewis, ambao Afrika ni wengi kuliko Ulaya, hawaambukizwi kwa urahisi na P[8], bali na P[6]. Utafiti wa Burkina Faso ulionyesha hivyo wazi. Sasa tazama chanjo. Ile ya kwanza kuenea duniani, Rotarix, imetengenezwa kutokana na kirusi kimoja cha G1P[8]. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2010 ilizuia kuhara kukali kwa rota kwa asilimia 76.9 Afrika Kusini, na asilimia 49.4 tu Malawi. Sababu ni nyingi: utapiamlo, vijidudu vingine tumboni, kinga ya mama katika maziwa. Lakini chanjo hai ya P[8] inayonyweshwa mtoto ambaye utumbo wake hauna cha kuishikia P[8] inaweza kupita tu kama maji. Hilo huwezi kulijua kwa kuhesabu mistari miwili ya kipimo cha haraka.

Na tusijidanganye kwamba ni ugonjwa mdogo. Kwa makadirio ya mwaka 2013, nchi nne, India, Nigeria, Pakistani na Kongo yetu, zilibeba karibu nusu ya vifo vyote vya rota duniani. Sehemu ya Kongo ilikuwa watoto wapatao 13,500 kwa mwaka huo mmoja.

Ninaiweka idadi hiyo kando ya nyingine. Ebola iliyotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 huko Mangina, karibu na Beni, ikamalizika rasmi tarehe 25 Juni 2020, iliua watu 2,287 kati ya 3,470 waliougua. Niliishi ndani yake. Sisemi Ebola ilikuwa ndogo, nimezika watu. Nasema tu kwamba kwa Ebola zilikuja helikopta, magari meupe, mahema yenye viyoyozi, mashine za GeneXpert zinazotoa jibu kwa saa chache, na watu wa Riposti, kikosi cha kupambana na Ebola, waliolipwa kwa dola mbele ya macho ya muuguzi asiyelipwa. Halafu uchaguzi wa Desemba 2018 ukaahirishwa Beni na Butembo kwa sababu ya Ebola hiyohiyo, na mji ukaamua kwamba umeletewa ugonjwa ili unyang'anywe kura. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa na kuchomwa. Tarehe 19 Aprili daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyelifanyia kazi Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi katika kliniki za chuo kikuu hapa mjini.

Katikati ya hayo yote, jambo moja lilifanyika ambalo nilikuwa nimeambiwa mara nyingi kwamba haliwezekani kwetu. Taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, INRB, ya Profesa Jean-Jacques Muyembe, ilileta usomaji wa jenomu, yaani urithi mzima wa kirusi, hadi Katwa. Katwa ileile ambako kichupa cha kuhara kilikuwa kinangoja barafu ya muuza samaki. Placide Mbala, Eddy Kinganda-Lusamaki na wenzao walisoma jenomu mpya 744 za virusi vya Ebola. Pamoja na nyingine 48 zilizokwisha kupatikana, ilikuwa karibu asilimia 24 ya maambukizi yote yaliyothibitishwa maabara. Na matokeo hayakungoja makala ya jarida. Yalirudi kwa wale waliokuwa wakifuatilia wagonjwa mitaani: mgonjwa huyu mpya wa Beni, ambaye familia inasema hakukutana na mtu yeyote, kirusi chake ni ndugu wa kile cha mtaa fulani, nendeni mkaulize tena. Kulikuwa na mtu aliyepona, akaugua tena baada ya miezi, na jenomu ikaonyesha kwamba hakuambukizwa upya bali kirusi chake mwenyewe kilikuwa kimeamka. Kutoka kwake ulianza mnyororo wa wagonjwa 91.

Nilijifunza huko kitu ambacho rota haikuwa imenifundisha: kujua ukoo wa kirusi kunaweza kumuumiza mtu. Tarehe 7 Februari 2021 Ebola ilitangazwa tena Butembo. Mgonjwa wa kwanza alikuwa mke wa mtu aliyewahi kupona. Jenomu ikasomwa upesi, na jibu likawa kwamba kirusi hakikutoka porini. Ni kilekile cha mlipuko uliopita, kilikuwa kimejificha katika mwili wa binadamu. Kwa mtaalamu ilikuwa habari njema, kazi safi, uamuzi wazi: chanja watu wa karibu, fuatilia waliopona. Wagonjwa walikuwa 12, wakafa 6, na tarehe 3 Mei ukatangazwa mwisho. Lakini sentensi ileile, ikishuka kutoka redioni hadi sokoni, ilisema kwamba waliopona ni hatari. Ninafahamu mtu aliyepona ambaye wateja wake walihama duka ndani ya juma moja. Hakuwa ametenda lolote. Aliyetangaza alisema kweli tupu, na hakuwa amejiandaa kusema kitu cha pili: kwamba mtu huyu ameketi nawe miaka miwili, umekula naye, na hukuugua.

Ndiyo maana sikubaliani na wenzangu wanaosema majibu ya aina za virusi ni ya wataalamu, mwananchi hayamhusu. Yatamfikia tu. Swali ni nani atamfikishia na kwa maneno gani. Sampuli zetu za rota zilipotoka nchini zilihitaji barua, mihuri na makubaliano. Majibu yaliporudi yalikuwa jedwali katika barua pepe, lisilo na hata jina la kituo kilichotoa vinyesi vile. Watoto wenyewe walikuwa wamekwisha kuanza shule. Nililichukua lile jedwali nikarudi nalo vituoni, nikawasomea wauguzi. Mmoja alitoa daftari lake la zamani na tukaanza kutafuta namba: huyu ndiye mtoto wa mapacha, huyu walihamia Kasindi, huyu alikufa kwa surua. Hakuna aliyechoka. Kwa mara ya kwanza waliona kwamba daftari lao, lenye mistari ya kuchora kwa rula, lilikuwa sehemu ya maarifa ya mtu fulani.

Chanjo ya rota iliingia katika ratiba ya nchi mwaka 2019, mwaka ambao surua peke yake iliua zaidi ya watu 6,000 Kongo na kwetu Ebola ilikuwa katikati. Iliyochaguliwa ni Rotasiil, kutoka India, ileile ambayo jaribio la Niger lililochapishwa mwaka 2017 lilionyesha kwamba hupunguza kuhara kukali kwa rota kwa theluthi mbili. Ndani yake mna G1, G2, G3, G4 na G9. G8 haimo. Lakini kinga ya rota haina ukali wa mpaka kama huo; mtoto aliyechanjwa hupata msaada fulani hata dhidi ya aina ambazo hazimo. Kiasi gani, kwa watoto wetu wenye P[6] nyingi, ndilo jambo la kupimwa hapa na si Leuven: nani anahara baada ya kuchanjwa, na kwa aina ipi. Karatasi ya kuchujia inatosha kuanzia. Jeli ya mistari kumi na mmoja inatosha kuanzia. Mashine kubwa zilikwisha kufika Katwa mara moja, kwa hiyo asiniambie mtu kwamba njia ni mbovu.

Hivi karibuni nilialikwa kwenye redio ya mtaa kuzungumzia kuhara kwa watoto, nikataja, labda kwa furaha kupita kiasi, vile vipande vya wanyama vya Kisangani. Juma lililofuata, katika kikao cha chanjo, baba mmoja alikuwa kwenye foleni na binti yake wa wiki sita mgongoni, amefungwa kwa kitenge cha mama yake. Alinitambua kwa sauti.

"Docta, hii dawa ya kunywa inazuia na ile rota ya nguruwe?"

Nikamweleza kwamba sikusema watoto wa Butembo wana rota ya nguruwe. Kisha nikamwambia jambo ambalo redioni muda haukutosha: kwamba chanjo yenyewe imejengwa juu ya kirusi cha ng'ombe, kisichomwumiza mtoto, kilichovishwa ganda la aina za binadamu. Foleni ikageuka kunitazama. Yule baba akafikiri, akamshusha binti mgongoni, akamwambia muuguzi: "Basi mupatie ya ng'ombe, mama. Maziwa hatuna."